Kanda Mfukoni mwa Kamusi

Kompyuta ya duka la vipuri ilikufa saa tatu asubuhi, mbele ya wateja wanne, na Bosi akacheka. Alicheka kwa raha ya mtu aliyejiwekea akiba mapema. Akampiga begani fundi wa gereji ya jirani, aliyekuja kutafuta bushi za springi, akamwambia avute subira kidogo, leo ataona faida ya kufanya biashara kwa akili.

Fundi kompyuta aliitwa kwa simu, akaja na begi lake la bisibisi. Alifungua kasha, akainamisha sikio, akasikiliza mgongano mdogo uliokuwa ukijirudia ndani.

"Diski hiyo, bosi. Haiamki tena. Inabidi kuweka mpya."

"Weka mpya. Vitu vyetu vyote tunavyo kwenye kanda. Au siyo, shemeji?"

"Vipo vyote, shemeji," karani akajibu kutoka nyuma ya kaunta. Alijibu bila chembe ya wasiwasi, na jambo hilo lilikuja kumuuma baadaye kuliko mengine.

Karani alikuwa mke wa mdogo wake Bosi. Mdogo mwenyewe hakuna aliyemwita kwa jina lake. Watu wote wa magari walimwita Kamusi. Duka lilikuwa na rafu kumi na tisa zilizofika darini, visanduku maelfu visivyo na maandishi, na kwa miaka ishirini na miwili maandishi hayo yalikaa kichwani mwake. Ulimtajia gari na mwaka lilipotengenezwa, naye akanyoosha mkono huku akiendelea na mazungumzo yake mengine. Kisha kiharusi cha kwanza kikamlegeza mguu wa kushoto na kibofu, kikamwachia kichwa. Bosi, ambaye unaweza kumsema kwa mengi ila si kwa ujinga, akanunua kompyuta wiki ileile, akamwita fundi kompyuta huyuhuyu aifungie mashine ya kunakili orodha kwenye kanda, mfano wa kaseti, akamkalisha shemeji yake kwenye kibodi na mdogo wake kwenye stuli pembeni. Kwa miezi minane, kila asubuhi, mmoja alitaja, mwingine akaandika: namba ya kipuri, gari lake, rafu yake, kisanduku cha ngapi kutoka kushoto. Walimaliza rafu ya kumi na tisa siku ya Jumamosi. Haukupita mwezi, kiharusi cha pili kikaja, na hicho kikachukua maneno. Sasa Kamusi akitaka kijiko mezani alisema, "Nipe ile... ile ya kubinya klachi."

Siku anampa kazi, Bosi alikuwa amezungumza na karani waziwazi, maana hapendi kuzunguka. "Nyumba yenu naipa mshahara mmoja, shemeji. Zamani ulikuwa wa mdogo wangu, leo ni wako. Nakulipa uilinde hii orodha. Ikipotea, mimi sitakuwa na kazi ya kukupa, na usije ukasema sikukwambia." Karani alisema amesikia. Na kweli, hakuwa na sehemu nyingine ya kwenda, mtu wa umri wake, mwenye mume mgonjwa na mikono iliyojifunza kibodi ukubwani.

Kanda ndiyo iliyomletea Kamusi heshima yake ya mwisho. Bosi hakutaka ilale dukani. Duka likiungua au likivunjwa, nakala iwe nje. Kwa hiyo kila jioni Kamusi aliburuta mguu mpaka dukani, akapokea kanda ndani ya kijumba chake cha plastiki, akaifunga kwa leso, akaitia mfuko wa shati na kufunga kifungo. Asubuhi mkewe aliirudisha. Hata baada ya kiharusi cha pili hakukosa siku. Akiulizwa njiani anakwenda wapi, neno moja lilikuwa halimpotei: "Kazini."

*

Siku hiyo kanda ilikuwa bado nyumbani. Karani alikuwa ametoka kwa haraka asubuhi, akaisahau, basi Bosi akapiga simu mwenyewe na kumwambia mdogo wake ailete.

Kamusi alifika amevaa shati safi, vifungo vyote hadi shingoni. Wateja wakampisha. Bosi akamshika mkono na kumsimamisha katikati ya duka, kama anayeonyesha bidhaa mpya.

"Mnamuona huyu? Benki yetu hii. Kila kitu kimo mfukoni mwake."

"Kamusi, umetuletea kichwa chako?" akatania fundi wa gereji.

Kamusi alichelewa kucheka, kwa sababu kila neno sasa lilimfikia kwa kuchelewa, lakini alicheka. Akafungua kifungo, akatoa leso, akafungua leso, akamkabidhi fundi kompyuta kijumba cha plastiki kwa mikono miwili. Kisha akaenda kukaa kwenye benchi la wateja, kusubiri kichwa chake kirudishwe kwenye mashine. Karani alimtazama kwa fahari. Tena akatazama saa ya ukutani, kama alivyozoea kila mumewe alipokaa kwenye benchi lile.

*

Ofisi ilikuwa kijichumba nyuma ya rafu ya kumi na tisa, na ukikaa wawili magoti yanagusana. Fundi alikwisha funga diski mpya, akarudisha waya bapa wa mashine ya kanda, akapachika programu upya. Kazi hiyo ilimchukua zaidi ya saa moja, akipiga mluzi muda wote. Akafungua kijumba cha plastiki. Mluzi ukakatika.

Aliigeuza kanda huku na huku. Akamtazama karani.

"Dada, hii ndiyo mnayotumia?"

"Ndiyo hiyo."

"Kila siku?"

"Kila siku ya Mungu. Kwani vipi?"

"Hii ni ya kusafishia."

"Kusafishia nini?"

"Mashine. Ina utepe wa kufuta vumbi kwenye kile kichwa kinachosoma. Haiandiki kitu. Ukiitia inazunguka dakika moja, inajitema." Akasugua paji la uso. "Nyingine iko wapi? Ile ndefu, ya nusu saa na zaidi?"

Karani alijua iko wapi. Ilikuwa kwenye droo, chini ya vitabu vya risiti, ndani ya kijumba kinachofanana na hicho, imekaa humo karibu mwaka. Alijua pia, kabla fundi hajasema jingine, kwa nini iko huko.

Wiki mbili za mwanzo alitumia kanda ile ndefu kama alivyoonyeshwa. Duka lilifungwa saa kumi na mbili, kanda ikaanza kunung'unika, na Kamusi akasubiri kwenye benchi dakika arobaini, hamsini. Choo cha duka kilikuwa nyuma ya uwanja, ngazi sita, bila kishikio. Jioni moja hakuwahi. Alibaki ameketi, mikono mapajani, anatazama mbele, na chini ya benchi kikatambaa kimtiririko mpaka kwenye viatu vya Bosi. Bosi alisogeza kiatu, akaenda kuleta tambara, akalitupia karani. Njia nzima ya kurudi nyumbani Kamusi alitembea hatua tatu nyuma ya mkewe ili asiongee naye.

Kesho yake karani alichukua kanda nyingine, ile iliyokuja kwenye boksi la mashine, afanye nayo jaribio. Ilizunguka, taa ikapepesa, ikajitema ndani ya dakika. Maandishi ya lugha ya kigeni yakatokea kwenye kioo, naye akabofya Sawa, kama alivyobofya Sawa kwa maandishi mengine yote ambayo hakuna aliyewahi kumfasiria. Alidhani ni kanda bora zaidi, ya kisasa, inayonakili upesi. Alimshukuru Mungu, nakwambia, alishukuru kwa sauti. Tangu siku hiyo Kamusi alifika, akapewa, akaenda zake mkavu.

"Hukunifundisha," alimwambia fundi sasa.

"Nilikufundisha."

"Dakika kumi. Na simu sikioni."

"Nilikwambia hii ni ya usafi."

"Hukuniambia. Ulisema zote ziko ndani ya boksi, ukaondoka. Na ukaguzi wa kila mwezi? Shemeji alikulipa wa mwaka mzima. Umekuja lini kukagua?"

Fundi aliinuka akavuta mlango ukafungika.

"Lete hiyo ndefu," akasema.

*

Kanda ndefu ilinung'unika kwa muda mrefu. Upande wa pili wa mlango walimsikia Bosi akiwasimulia wateja jinsi alivyowaza jambo hili miaka kabla ya wenzake. Karani alikuwa ameshika ukingo wa meza. Kwenye kioo mistari ikaanza kushuka: rafu ya kwanza, kisanduku cha kwanza, cha pili, beringi, plagi, pampu za maji. Alikumbuka kila mstari, alikumbuka hata siku Kamusi alipomcheka kwa kukosea kuandika neno kabureta. Rafu ya kwanza ikaisha. Rafu ya pili ikafika mstari wa thelathini na moja, na mashine ikanyamaza.

"Endelea," karani akaiambia mashine.

"Imekwisha, dada. Hapo ndipo ulipoishia kuitumia."

Wakakaa magoti yakigusana. Rafu kumi na saba na ushei hazikuwa popote duniani. Hazikuwa kwenye diski, hazikuwa kwenye kanda, na hazikuwa tena kwenye kichwa cha yule mtu aliyeketi kwenye benchi na shati lake safi. Karani alihesabu miezi, akaacha kuhesabu. Aliona vyumba vyao viwili, dawa za mumewe zilizopangwa dirishani kwa siku za wiki, na hakuona mwisho wa mwezi ungekuwaje.

"Sikiliza," fundi akasema kwa kunong'ona. "Ikijulikana hivi, wewe umekwisha. Na mimi nimekwisha. Huyu mzee ataniharibia mtaa mzima. Nyumbani kanda inakaa wapi?"

"Sebuleni. Juu ya spika ya redio. Anapenda kuiona akiwa amekaa."

"Spika ina sumaku."

"Kwa hiyo?"

"Sumaku inafuta kanda. Kila fundi atakwambia hivyo. Kwa hiyo tumepona."

Alikwisha anza kufanya huku anasema. Aliichukua kanda fupi akaitumbukiza kwenye begi lake la bisibisi. Ile ndefu akaitia kwenye kijumba cha Kamusi, kikafungika barabara.

"Hapana," karani akasema. "Mume wangu usimguse."

"Simgusi. Mimi nasema spika."

"Atajua siyo yenyewe."

"Atajua?" fundi akauliza, na hakuuliza kwa ubaya. Karani akainamisha macho, kwa sababu hata yeye alijua kwamba Kamusi hangejua.

Papo hapo mlango ukafunguliwa. Bosi aliingiza kichwa, bado ana tabasamu la wateja. "Vipi, tumerudi hewani?"

"Bosi, kuna tatizo." Fundi alikuwa na sauti ya daktari kabisa. "Kanda imefutika. Nimeokoa rafu ya kwanza na kipande cha rafu ya pili. Mbele ya hapo ni tupu."

Tabasamu lilichukua muda kuondoka. "Imefutika na nini?"

"Dalili zake ni za sumaku." Akamgeukia karani, kana kwamba wazo limemjia sasa hivi. "Dada, kwani nyumbani huwa inawekwa wapi?"

Macho ya wanaume wawili yalikuwa juu yake. Angeweza kusema yote. Maneno alikuwa nayo, hakuwa mgonjwa yeye. Angeanza na ile jioni ya benchi, na mlango ulikuwa wazi, na mtu wa benchi alikuwa hatua kumi kutoka pale anasikiliza.

"Juu ya spika ya redio," akasema.

Hapakuwa na uongo hata neno moja katika jibu lake.

*

Bosi hakupaza sauti. Alisimama mbele ya benchi.

"Kanda unaiweka wapi nyumbani?"

Kamusi alitafuta. Midomo ilijaribu neno, ikaliacha. "Kwenye ile... inayoimba."

"Redio."

"Redio."

"Nani alikwambia uiweke kwenye redio?"

Kamusi alimtazama mkewe, kwa sababu siku hizi akikwama humtazama yeye, naye humpa neno. Karani hakumpa neno.

"Mimi," Kamusi akasema. "Mwenyewe."

"Redio ina sumaku ndani. Imefuta kila kitu. Rafu kumi na saba, unanielewa? Miezi minane ya huyu mwanamke kukaa hapa na kukuandikia. Umeifuta yote nyumbani kwako, unasikiliza muziki."

Ilichukua muda. Kila mtu dukani aliona ilivyokuwa ikiingia, kwanza machoni, kisha kwenye mkono uliopanda wenyewe na kushika mfuko wa shati. Fundi wa gereji akaanza kukagua kisanduku cha nati ambazo hakuzihitaji.

"Kaka," Kamusi akasema. "Kaka, mimi nili... nilifunga na leso."

"Ulifunga na leso." Bosi akajipangusa uso. Alikuwa na uchungu wa kweli, tusimnyime hilo. Akageuka kwa karani. "Shemeji, wewe huna kosa. Kila jioni nilikuona kwa macho yangu unaitia ile kanda. Utaanza upya pale rafu ya pili ilipokatikia. Tutatafuta vitabu vya watengenezaji, tutafungua kisanduku kimoja kimoja, ichukue mwaka, miaka miwili, sawa. Kanda italala kwenye sefu ya nyumbani kwangu na ufunguo wa pili utakaa nao wewe. Nilishawaambia watu, mtu pekee ninayemwamini humu ndani ni wewe."

"Asante, shemeji," karani akasema. Na angesema nini?

Kamusi alikuwa amesimama, anashikilia benchi. Aliegemeza uzito mguu mmoja, akauhamishia mwingine. "Kaka, naomba nikatoke. Kule."

"Nenda. Na ukishatoka chooni, nenda nyumbani moja kwa moja. Hapa kazi yako imekwisha, usisumbuke kuja tena jioni."

Karani alitoka nyuma ya kaunta, amsaidie ngazi. Bosi akamzuia kwa mkono, polepole, kwa heshima zote. "Muache, shemeji. Wewe kaa kwenye mashine. Kuna wateja."

Akakaa kwenye mashine. Fundi kompyuta alipita na begi lake, akamuaga vizuri, akaahidi kwamba safari hii atakuja kila mwezi bila kukosa. Fundi wa gereji akauliza kama kuna bushi za springi ya nyuma. Karani akatafuta kwenye kioo, akakuta hakuna kitu, akapanda ngazi na kuanza kufungua visanduku.

*

Alifika nyumbani saa kumi na mbili na nusu, mapema kuliko siku yoyote ya mwaka ule, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kumsubiri dukani. Sebule ilikuwa kimya. Mahali pa redio na spika zake palibaki miraba ya vumbi. Kamusi alikuwa amevigawa kwa jirani, akavibeba yeye mwenyewe kimoja kimoja huku akiburuta mguu, safari nne.

Alikuwa amekaa kwenye kiti chake, wima, shati lilelile. Alimsubiri mkewe aweke mkoba, avue viatu, akae. Ilionekana amekuwa akijiandaa tangu mchana, maana midomo ilipitia maneno mara moja bila sauti kabla hajaanza.

"Mke wangu," akasema. "Nisamehe. Kazi ya mikono yako nimeipoteza mimi."

Karani hakuwa amesikia sentensi nzima kutoka kwa mume wake kwa muda wa miezi mitatu. Kila neno lilikuwa mahali pake. Alikuwa amelitafuta moja moja, mchana kutwa, akaliweka.

Alifungua kinywa. Ilikuwepo njia ya kumwambia, na alijaribu kuiona mwanzo wake, na kila alipoianza ilianzia kwenye benchi, kwenye kile kimtiririko sakafuni na kiatu kilichosogezwa. *Nilibadilisha kanda ili usikojoe mbele za watu.* Angemwondolea mzigo mmoja na kumtwika huo mwingine, na huo angeubeba mpaka kaburini. Na kesho, kwa vile Kamusi hajui kuficha kitu, angekwenda kwa kaka yake kusema, na mwisho wa mwezi dirishani pasingekuwa na dawa. Kamusi alikuwa anamtazama. Alikuwa ameinamisha kichwa kidogo upande, kama mtoto anayengoja kuambiwa adhabu yake.

"Nimekusamehe," karani akasema.

Kamusi akashusha pumzi. Mabega yakalegea, na uso ukapata nafuu ambayo mkewe hakuwa ameiona tangu asubuhi.

"Asante," akasema, na neno hilo nalo likatoka sawasawa.